Kitambaa cha Jana

Lundo, 9 Mei 2024

Mwanangu Jastin,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima, kasoro goti langu, lile la siku zote. Barua hii nampa konda wa basi la Mbinga, atamwachia Herieth wa dukani pale stendi, naye atatafuta basi la huko kwenu Dodoma. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Yangu kioo kimekufa, ile ya mradi inapokea ujumbe tu, na nikiazima ya jirani yangu Gertruda anasimama karibu mpaka nasikia pumzi yake. Halafu mimi si mtu wa kuongea dakika mbili nikamaliza. Kwenye karatasi hakuna wa kunikata.

Umesikia kwamba shangazi yako ni mtu mkubwa siku hizi? Mwenyekiti wa mwalo, Mzee Methodi, alisimama mkutanoni akasema simu ya mradi wa mawimbi apewe mtu ambaye akijua jambo, kijiji kizima kinalijua kabla ugali haujaiva. Watu wote wakageuka kuniangalia. Nikasema sawa, matusi yenu nimeyapokea, leteni simu. Kwa hiyo ule ujumbe mnaotuma huko kwenye kituo chenu cha hali ya hewa, kwamba leo ziwa shwari au leo unakuja upepo mkali wa mwera, unaingia kwangu. Nausoma, nachukua kipaza sauti, natembea mwaloni natangaza, halafu natundika kitambaa kwenye mlingoti. Cheupe ni shwari. Chekundu ni mwera, hakuna kushuka majini. Hata aliyeko shambani kwenye mihogo anakiona.

Rafiki yako Tobias, yule mliyekaa dawati moja, ndiye aliyechimba shimo la mlingoti. Ameoa, kamchukua Edina wa Liuli. Msichana mpole huyo, nikimpa umbeya kidogo ananiuliza kama ni dhambi. Nimemwambia atazoea.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Mlisema ujumbe utafika saa tisa alasiri. Wiki hizi unafika saa kumi na mbili, wakati watu wameshasukuma mitumbwi. Juzi nimetangaza mwaloni tupo mimi na mbwa wa Mzee Methodi. Raimundi, yule anayevua na Tobias, ananiuliza mbele za watu kama natangaza habari za leo au marudio. Wewe si ndiye unayezitunza hizo kompyuta? Nimewaambia huyu ni mwanangu mwenyewe, nimemlea tangu kaka yangu Romanus amefariki, nitamwandikia na mambo yatanyooka. Usiniumbue.

Shangazi yako,
Hedwiga


Dodoma, 17 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya usipa, wenzangu ofisini wakafungua madirisha. Mimi nikaisoma mara mbili. Nimefurahi Tobias ameoa, mpe hongera zangu.

Kuhusu ujumbe kuchelewa, nitakueleza kama nilivyoona mwaloni kwetu. Ziwa lote tumelikata vipande, na kila kompyuta inapiga hesabu ya upepo na mawimbi ya kipande chake. Kompyuta ni mamia, zinapiga kwa pamoja, na hesabu inakwisha mapema tu. Shida ni kuandika majibu. Majibu yote yanaenda kwenye ghala moja lenye diski nyingi, na ghala la namna hii limetengenezwa ili faili moja ligawanywe, kila diski ipokee sehemu yake kwa wakati mmoja. La kwetu lilipangwa vibaya tangu mwanzo. Ni kama mitumbwi yote imerudi na usipa, akina mama wote mkajipanga na mabeseni kwenye kichanja kimoja cha kuanikia, na vichanja vingine vyote vimekaa vitupu juani. Kompyuta zangu zinasimama kwenye foleni na majibu mkononi.

Ghala hilo ndiyo kazi yangu mimi. Kulipanga upya ni kusimamisha kila mtu siku mbili na kuhamisha mafaili. Nimeomba ruhusa. Mkuu wetu, Dokta Pankras, ana kazi yake kubwa ya kukadiria mvua za miaka mia ijayo, inaandika kwenye ghala hilohilo, na wafadhili wanakuja kuitazama. Amesema hakuna kusimamisha kitu mpaka waondoke.

Kwa sasa fanyeni hivi. Ikifika saa ya kushuka majini na ujumbe haujaja, kiacheni kitambaa cha jana. Nimepitia kumbukumbu zetu, siku nyingi sana leo ya ziwa inafanana na jana yake. Ila hii si maelekezo ya kituo, nakushauri kama mwanao. Usiseme nimesema mimi. Barua ukishaisoma ichome.

Mwanao,
Jastin


Lundo, 26 Mei 2024

Mwanangu Jastin,

Marahaba, marahaba sana. Barua nimeichoma kama ulivyosema, nimewashia jiko la chai, na chai ikawa tamu. Mambo ya kompyuta nimeyaelewa kuliko mahubiri ya Jumapili. Nimewaeleza wote mwaloni hadithi ya kichanja kimoja, nikasema nimeisikia kwa watu wa mradi. Mzee Methodi akasema hata sisi hatukusoma lakini hatuwezi kuanika hivyo. Watu wamecheka mpaka wameshika mbavu.

Na lile jingine nimelifanya. Nimesema ni wazo langu. Nimesimama kwenye kikao cha mwalo nikawaambia, jamani, ujumbe ukichelewa kitambaa cha jana kinabaki, maana siku nyingi leo inafanana na jana. Nimelisema hivyohivyo ulivyoandika. Mzee Methodi akasema, "Hedwiga, kumbe mle ndani kuna kitu." Wamepitisha bila kubishana. Wewe ungeniona nilivyorudi nyumbani, nilitembea katikati ya njia.

Zamani wanaume kabla ya kushuka majini walisimama wakiangalia kusini, mmoja anasema hili wingu, mwingine anasema hapana, wanabishana mpaka mchana unakwisha. Siku hizi hakuna. Wanatupia jicho mlingotini wanasukuma. Tobias anapita kwangu kila jioni ananiuliza, Shangazi, kitambaa kinasemaje, namwambia kinasema mkeo anakusubiri mapema.

Kahawa imeanza kuiva huko juu Mbinga, wachumaji wengi, usipa unauzika. Edina alipanda na gunia la usipa wiki iliyopita, karudi na mahindi ya huko Kingerikiti na blanketi jipya. Blanketi la nini na lile la harusi bado lina manyoya? Nina habari juu ya hilo lakini natunza, siyo ya kumwaga bado. Unaona nilivyokua, najifunza kutunza.

Wafadhili wamekuja? Wamekula nini? Ghala unalipanga lini?

Shangazi yako,
Hedwiga


Dodoma, 4 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuandika kwa haraka. Wafadhili wamekuja na wameondoka. Walikula wali na kuku, na walionyeshwa mvua za miaka mia ijayo kwenye ukuta mzima, za bluu na za njano. Walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kuhusu ujumbe wa mawimbi, na mimi sikukaribishwa kusema.

Sasa Dokta anasema kazi yake imebakiza kidogo, tusiikate ikikaribia kufika. Kupanga ghala kumesogezwa mwezi wa saba. Nimemkumbusha kwa maandishi. Mara ya tatu aliniambia nikiendelea kumkumbusha atasahau jambo lingine alilotaka kuniambia. Shangazi, kuna nafasi ya mkuu wa kitengo cha hifadhi ya data. Nadhani ndilo jambo hilo. Usimwambie mtu.

Lile lingine endeleeni kama tulivyoongea.

Msalimie Tobias. Mwambie Krismasi nakuja, tutavua naye.

Mwanao,
Jastin


Lundo, 14 Juni 2024

Jastin mwanangu,

Tobias amefariki. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu sitafika.

Jumanne mchana palikuwa pametulia kabisa. Ikafika saa kumi na moja, ujumbe hakuna. Kitambaa cha Jumatatu kilikuwa cheupe, nikakiacha. Tobias na Raimundi walipita mlangoni kwangu na taa zao za kuvulia usipa. Nilikuwa napepeta mchele. Tobias aliniambia leo kitambaa nimekifua vizuri, nikamjibu aniletee mbasa wa mboga, mkubwa, siyo wale anaompelekea mama mkwe. Raimundi akacheka. Ndiyo maneno tuliyoongea, Jastin, mbasa na mama mkwe.

Jua limeshazama simu ikalia. Ilikuwa imeandikwa hatari, mwera mkubwa, vyombo vyote visishuke. Nilisoma nikasoma tena. Nikachukua kipaza sauti nikakimbia, goti sijui lilikuwa wapi, nikasimama ndani ya maji mpaka kiunoni nikaita majina. Kile kipaza sauti upepo ukiwa kinyume hakifiki hata kwa Gertruda. Taa zao zilionekana kule mbali, nyingi, zimetulia tu. Halafu mwera ukaja, zikaanza kupungua.

Mitumbwi mingine iliwahi ufukweni, mmoja umevunjika lakini watu wazima. Tobias tumempata upande wa Liuli. Raimundi hajaonekana, mama yake bado anapita pita ukingoni na shuka mkononi.

Edina ana mimba. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nakutunzia. Nilitaka nikuandikie vizuri, na utani wake.

Watu wananiuliza nani alisema kitambaa cha jana kibaki. Wengine wanakumbuka nilivyosimama kikaoni. Wengine wanasema ujumbe uliingia saa tisa kama zamani, nikaukalia kwa sababu nilikuwa napiga soga. Nimewaonyesha simu, lakini ile simu saa yake haijawahi kusema kweli, inaonyesha asubuhi wakati wa jioni. Sijataja jina lako. Uliniambia nisiseme, sijasema.

Lakini njoo. Si kwa barua. Njoo usimame mwaloni uwaambie kwa mdomo wako kwamba ujumbe ulitoka umechelewa, na kwamba lile la kitambaa ulilisoma kwenye kumbukumbu zenu na siyo kichwani kwangu. Wewe ni mtu wa kituo na ni mtoto wa hapa, watakusikia. Nakusubiri.

Shangazi yako,
Hedwiga


Dodoma, 25 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimepokea taarifa kwa masikitiko makubwa. Naomba uwafikishie pole zangu familia ya Tobias na familia ya Raimundi. Mungu awatie nguvu katika kipindi hiki kigumu.

Kituo kimeanza uchunguzi. Katika hali ya namna hii wafanyakazi haturuhusiwi kusafiri kwenda eneo la tukio wala kutoa maelezo yoyote mpaka taarifa ikamilike. Nakuomba na wewe usitoe maelezo. Jambo hili ni nyeti, na neno moja linaweza kueleweka vibaya. Ninayeandaa sehemu ya kiufundi ni mimi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kila kitu kitaandikwa kama kilivyokuwa.

Nilikaa dawati moja na Tobias miaka saba. Siwezi kuandika zaidi.

Taarifa ikikamilika nitakuja.

Jastin


Lundo, 8 Julai 2024

Mwanangu Jastin,

Marahaba. Barua yako nilidhani imetoka kwa mkuu wa wilaya, nikatafuta muhuri. Pole zako nimezifikisha, zimepokelewa.

Huku nipo, nachekesha watu wasiotaka kucheka. Mwaloni nikifika, mazungumzo yanaisha kama watu wameona nyoka. Nimewaambia jamani, nikiwa na umbeya mnanikimbilia, nikiwa sina mnanikimbia, semeni mnataka nini. Kwenye jumuiya Jumatano nilikaa kwenye mkeka, Gertruda akainuka kwenda kuangalia chungu, na kwangu hakurudi tena, akakaa upande mwingine. Huyu Gertruda mimi ndiye niliyempokea mtoto wake wa pili, mkunga alipokuwa amelewa.

Edina haji. Nimempelekea uji wa ulezi, kaupokea, kasema asante, kafunga mlango taratibu. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Simu wamechukua. Mzee Methodi alikuja mwenyewe, kavaa koti, kaitoa mkononi mwangu kama anamnyang'anya mtoto kisu. Akasema siyo kwamba wananishutumu. Nikamuuliza ni nini basi, na mbona kikaoni alikuwa wa kwanza kusema mle ndani kuna kitu. Kafunga vifungo vya koti, akaondoka. Ameipa Gertruda. Sasa ndiye anatangaza, na sauti yake kama kifaranga kwenye kikapu.

Mama yake Raimundi ameanza kusema niliwaroga. Hilo halinisumbui, huyo hata mkunga angemsema hivyo. Linalonisumbua ni wanaosema nilitaka sifa. Maana hilo ni kweli kidogo, nilipenda walivyonisikiliza siku ile. Lakini maneno hayakuwa yangu, Jastin. Nilibeba tu.

Wametangaza mkutano wa kijiji tarehe ishirini, watu wa kituo wanakuja na taarifa. Umesema unaiandika wewe, nimelala usingizi siku hiyo niliposoma. Njoo nao kwenye hilo gari. Nitakupikia usipa wa nazi. Simama tu useme, basi, mengine nitamaliza mwenyewe.

Shangazi yako,
Hedwiga


Lundo, 22 Julai 2024

Jastin,

Gari lilikuja. Nilikuwa nimesimama njiani tangu asubuhi nimevaa kitenge cha Pasaka. Wameshuka watu wanne, nikasubiri wa tano, dereva akafunga milango.

Tumekaa chini ya turubai la shule. Bwana mmoja mwenye miwani kasimama kasoma. Alisoma polepole ili tuelewe, na tumeelewa. Mfumo ulifanya kazi. Ujumbe wa tahadhari ulitumwa tarehe husika. Maafa yametokana na wananchi kuendelea kutumia ishara ya siku iliyotangulia, kinyume na maelekezo ya kituo. Wananchi wapewe elimu. Mambo ya ghala hakuna. Saa ya ujumbe kutoka hakuna. Kichanja hakuna. Halafu akageuza karatasi akamalizia chini pale, imeandaliwa na Jastin Romanus.

Jina la kaka yangu sijalisikia likitamkwa kwa sauti mbele ya watu tangu mazishi yake. Watu waligeuka, Jastin. Siku wananipa simu waligeuka hivyohivyo, lakini siku ile walikuwa wanacheka. Safari hii wengine walinihurumia, kwamba mtoto wake mwenyewe amemwanika. Huruma yao ilikuwa mbaya kuliko matusi ya mama Raimundi.

Edina akasimama. Tumbo linaonekana sasa. Hakupiga kelele, unajua alivyo. Akasema, "Shangazi, nakuuliza moja tu, halafu nitanyamaza. Nani alikwambia kitambaa cha jana kinatosha?"

Nikasema, "Ni mimi mwenyewe."

Akakaa. Ndiyo mkutano ulivyokwisha.

Usidhani nimekuficha kwa kukupenda. Nisikudanganye, maana wewe ndiye unayedanganya kwa wote. Nilifungua mdomo nikutaje. Jina lilikuwa hapa kwenye meno. Nikaiona ile karatasi mkononi mwa yule bwana, ina muhuri, ina sahihi yako. Na mimi nina nini? Barua yako niliichoma kwa mkono wangu kwa utii, nikachemshia chai. Nina mdomo tu, na mdomo wangu Lundo nzima inajua kazi yake. Ningesema ni Jastin aliyenishauri, wangesema huyu mama kaishiwa, sasa anamsingizia hata mtoto aliyemlea. Ningekuwa nimeua na nimesingizia, kwa siku moja. Nikaona nibaki na moja.

Umetumia nini kunijua hivyo? Ulijua nikitunza siri nitatunza, na ulijua nikiitoa hakuna atakayeniamini. Watu wote wanaojiita ndugu zangu, hakuna aliyenisoma vizuri kama wewe.

Krismasi usije. Tobias hayupo wa kuvua naye.

Hedwiga


Dodoma, 10 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana.

Niliandika kurasa tatu. Naapa kwa kaburi la baba. Niliandika saa ujumbe ulipotoka, niliandika jinsi mafaili yalivyokaa kwenye foleni siku ile nyuma ya kazi ya Dokta, niliandika maombi yangu yote na tarehe zake. Dokta Pankras alinirudishia ukurasa mmoja. Akasema hizi nyingine ni mambo ya ndani, wanakijiji hazitawasaidia, na mradi ukifungwa hakuna atakayepata ujumbe tena, ziwa lote, vijiji vyote. Akaniwekea kalamu juu yake. Ningeweza kukataa. Nilikaa nikiangalia ile kalamu, nikajiambia nikifukuzwa mimi atakuja mtu asiyejua hata Lundo iko wapi.

Lile la kitambaa sikuliandika hata kwenye zile kurasa tatu. Hilo halikukatwa na mtu.

Ghala nimelipanga upya. Nilisimamisha kila kitu Ijumaa, na Jumapili kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Siku mbili, Shangazi, kama nilivyosema mwezi wa tano. Faili sasa linagawanyika kwenye diski zote, na ujumbe unatoka saa nane. Unawafikia mapema? Gertruda anautangaza vizuri? Nimepewa kile kitengo. Wenzangu wameninunulia keki, nimeikata, sikuweza kuila.

Usiponisamehe ni haki yako, sikuombi hilo. Naomba kitu kidogo. Niandikie kama zamani. Huku sina mtu wa kuniambia lolote. Barua zako nilikuwa nazisoma usiku mpaka nasikia sauti yako jikoni. Niambie habari za huko, yoyote ile, hata za uongo. Nani ameoa, nani amegombana na nani, usipa unatoka, Mzee Methodi na mbwa wake. Edina anaendeleaje? Atajifungua lini? Mtoto watampa jina gani? Niambie tu hilo la jina.

Mwanao,
Jastin


Lundo, 1 Septemba 2024

Jastin,

Barua yako imefika. Hapa wote wazima.

Habari hakuna.

Hedwiga